Kipupwe Nilichokisema kwenye Simu

Mke wangu magoti yalimkamata kwa baridi ya Hail, mtaa wetu wa Maskati. Watu wa nje hucheka ukiwaambia Maskati kuna baridi. Na waje Januari, alfajiri, upepo unatoka baharini, wakae kitako kwenye marumaru watie udhu kwa maji ya tangi, kisha wanambie. Mwaka huo, mwanzo mwanzo wa elfu mbili, alianza kushuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani. Mie nasimama chini namtizama, kama ninavyosikiliza injini iliyokuwa nzima jana.

Daktari alimpa dawa, akamwambia na jua litamfaa, akiweza kwenda mahali pa joto akapumzike. Dawa aliziweka kabatini. Alilolishika ni hilo la jua.

"Baridi ijayo hainikuti hapa," akanambia. "Nataka jua la kaskazi. Lile la kwetu, unakaa barazani linakuingia mpaka ndani ya mfupa."

Kwetu ni Unguja. Tulitoka huko vijana, kila mmoja na wazee wake, tukakutana huku tukaoana. Wenzetu wengi walikwisha kwenda na kurudi, wakatuletea karafuu na habari za nani kafa. Mie kila mwaka nilikuwa na sababu. Gereji imejaa. Watoto wana skuli. Nauli ghali. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu hakuna aliyeitilia shaka. Mie nimeanza Ghala, mtaa wa magereji, kwa boksi moja la spana na kipande cha kivuli, mpaka leo gereji ni yangu na ardhi yangu. Sikufika hapo kwa kutupa pesa, na kila mtu anajua.

Basi tukakaa sebuleni, mie, mke wangu na binti yetu mkubwa anayefanya kazi benki. Yeye ndiye mtafutaji wa safari. Kaleta karatasi za rangi kutoka ofisi ya safari, kazitandaza kwenye busati.

"Baba, rahisi kuliko zote ni Unguja. Ndege moja kwa moja, na binamu yake mama yuko kule, atatutafutia nyumba ya bei nzuri. Shitaa nzima ya huku, baridi yote hii, kule jua."

"Na Tailandi?" nikauliza.

"Tailandi ghali, baba. Mara mbili."

"Si kitu. Malesia je?"

Binti akamtizama mama yake. "Mama, mguse kipaji cha uso. Baba anataka ghali! Homa hii."

Wakacheka. Nikacheka na mie, lakini mikono niliificha chini ya mapaja.

Nitasema nilichokuwa nakiogopa, maana bila hicho hutaelewa kitu. Siku tulipoondoka Unguja, baada ya mapinduzi, bandarini palikuwa na meza, na nyuma ya meza mtu ana bunduki. Akamuuliza baba yangu jina lake. Baba akataja. Akaulizwa jina la baba yake, na la babu yake, akataja yote. Yule mtu akamwambia: "Wewe, kaa pembeni." Mie nikabaki nimesimama na furushi la nguo, sijui nimfuate au nipande meli. Jua lilisogea mpaka kivuli cha meza kikanifika miguuni. Aliporudi hakuwa na kiatu kimoja, na hakutaka kuulizwa. Kitu kimoja tu alinambia, tumeshapanda: "Ukiulizwa, sema kidogo."

Nimeishi kwa neno hilo maisha yangu yote. Nilijua vizuri sana kwamba mambo yale yamepita, na watu wanakwenda na wanarudi wamenenepa. Kichwa kilijua. Tumbo halikujua. Kila nikifikiria uwanja wa ndege wa Unguja, naona meza ile.

Basi ikakatwa shauri ni Unguja, na mke wangu akaniambia nimpigie simu binamu yake mie mwenyewe, kwa kuwa ni mambo ya nyumba na bei na hayo ni ya wanaume. Nikapiga. Sauti yake ikaja ina mwangwi, kama anasema kutoka ndani ya kisima.

"Shemeji! Mnakuja kweli? Lini?"

Hapo ndipo khofu iliponikaba. Sisi tulilelewa hivyo: ukisema na Unguja, kwa barua au kwa simu, hutaji siku, hutaji jina. Nani anasikiliza, hujui. Ulimi ukakataa kutamka Januari. Nikasema:

"Tunakuja kipupwe."

"Kipupwe?"

"Kipupwe. Nyumba ndogo, karibu na bahari, bei ya kindugu."

"Inshallah shemeji. Kipupwe nyumba zinakuwa rahisi."

Nikaweka simu nimerowa jasho, lakini nikajiona hodari. Nimepanga kila kitu, na aliyesikiliza, kama yupo, hakuambulia neno.

Binti akakata tikti za Januari, zile za bei ya chini ambazo ukishalipa hazirudishwi. Tukapigwa sindano ya homa ya manjano. Mke wangu akaanza kutoa khanga za kukalia barazani, anazikunja anazikunjua, na wakati mwingine namsikia anaimba jikoni. Na mie kila siku naomba kitu kitokee. Sikuomba maradhi wala msiba, naogopa Mungu. Niliomba kijisababu tu.

Kikaja. Zimebaki siku chache, binti akampigia yule binamu kumuuliza amletee dawa gani. Nikamwona anasikiliza, uso unabadilika. Akaifunika simu kwa mkono.

"Baba, anauliza kwa nini tunakuja sasa. Anasema nyumba kashika ya mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita? Mie nimemwambia kipupwe."

"Ndiyo anavyosema. Umemwambia kipupwe."

Wewe msomaji wa huko ushacheka. Kipupwe cha Unguja ni baada ya masika, Juni na Julai, watu wanajifunika mashuka. Lakini sisi tumekaa Maskati miaka yote hii, na nyumbani kwetu baridi ikianza Disemba tunasema kipupwe kimeingia. Neno tumelibeba kutoka kule, majira yake tumeyaacha bandarini. Mke wangu mwenyewe asubuhi ile alikwisha sema, kipupwe cha mwaka huu kinaua. Sasa Januari ni kaskazi kule, msimu wa watalii, nyumba aliyotushikia wamo Wataliani na nyengine zina bei ya kutisha.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umefanya kusudi," akasema.

"Wallahi sikukusudia."

"Toka mwanzo hutaki. Tailandi, Malesia. Unadhani sikukuona? Ungesema tu, mume wangu. Ungesema mwanamke wee, naogopa. Usingenidungisha sindano bure."

Akainuka kwa kushika ukuta, akazitoa khanga kwenye sanduku moja moja, akazirudisha kabatini. Kisha akaenda kulala na soksi zake mbili mbili. Binti akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, tikti zitapotea, lakini linaloniuma si hizo tikti," akaenda kwake.

Nilichokiomba nilikuwa nacho mkononi. Nakaa Hail, salama, hakuna meza wala mtu wa kuniuliza. Na nilikuwa naogopa zaidi kuliko jana. Kwa sababu nilielewa kwamba mke wangu hatasema tena. Ataishi na magoti yake, atashuka ngazi kinyumenyume, na Unguja haitatajwa tena nyumbani kwangu mpaka mmoja wetu afe.

Kesho yake gereji, gari ya mteja imefunguliwa, compressor ya upepo inanguruma, nikaichukua simu na mikono ya grisi. Nikapiga Unguja.

"Shemeji," nikamwambia, "sikiliza. Ni mimi." Nikataja jina langu. Nikataja la baba yangu, nikataja la babu yangu, kwa sauti, mpaka mafundi wakageuka. "Tunakuja Januari hii, Jumatano ijayo, na ndege ya asubuhi. Mie na mke wangu na binti yangu."

Akauliza, "Unagomba, shemeji?"

"Sigombi. Nakwambia."

"Basi njooni. Nyumba sina, lakini ghorofani kwangu kipo chumba, kina baraza inapigwa jua mchana kutwa. Feni mbovu tu."

"Feni ntaitengeneza mie."

Kwa hivyo bei yake ikawa bure, na hiyo ndiyo bei ninayoipenda.

Nilipomwambia mke wangu aliniangalia muda mrefu. Akafungua kabati, akazitoa khanga.

Ndani ya ndege sikula kitu. Tulipotoka mlangoni lile joto likatupiga usoni kama mvuke wa chungu, na yeye akafumba macho akasimama pale pale ngazini, watu nyuma wanangoja. Mie nilikuwa natizama mbele. Ndani ya jengo la uwanja palikuwa na meza.

Kijana wa nyuma ya meza angeweza kuwa mjukuu wangu. Akafungua paspoti yangu, akasoma jina langu kwa sauti, na la baba, na la babu, polepole. Akaniinulia macho.

"Mzee," akasema, "kaa pembeni."

Nilisikia mke wangu nyuma yangu, sauti kali: "Kwa nini akae pembeni? Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, bibi. Kiti kile pale. Huoni anavyotetemeka? Joto hili linaangusha watu." Akapiga muhuri. "Na nyinyi wazee mmekuja kaskazi yote hii! Si mngengoja kipupwe?"

Binti akaziba mdomo. Mke wangu akanigeukia, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko anachokizuia.

"Mjibu mwenzio," akaniambia. "Mwambie kipupwe lini."

Niliketi kwenye kile kiti cha plastiki, cha moto kutokana na jua la dirishani. Wakamaliza paspoti zao. Kisha akaja yeye na magoti yake mabovu, akanipa mkono, akaniinua.