Asali ya Mama Mkwe Imenipa Ugonjwa Nisio Nao

Admin, nifiche tafadhali, Itigi tunajuana na mume wangu anaupitia ukurasa huu. Nina miaka 29, nimeolewa, sijapata mtoto. Mume wangu anarina asali na tunaishi na mama yake. Kwenye nyumba hii asali haihesabiwi kuwa chakula, ni dawa.

Siku zangu zilianza kuruka miezi, nikanenepa, shingo ikawa nyeusi. Mama mkwe akawa ananiambia mbele za watu, "Kaoge hiyo shingo." Nilisugua mpaka nikachubuka. Nilipokwenda hospitali, daktari aliitazama akasema, "Dada, huu siyo uchafu. Huenda mwili umeanza kuwa sugu kwa insulini, ile homoni inayoshusha sukari, ndiyo maana hata siku zako zinayumba. Njoo asubuhi bila kula, tupime sukari na mafuta kwenye damu."

Asubuhi hiyo nimeshampa mama mkwe shikamoo, nataka kutoka, akanipa kikombe cha maji ya moto yenye asali. Nikamwambia nimekatazwa kula. "Kwani hii ni chakula? Dawa hii. Kunywa uende." Ningemkataliaje? Nikanywa. Maabara wakaniuliza kama nimekula, nikajibu sijala, na haki ya Mungu sikujua kama nadanganya.

Sukari ikatoka juu. Daktari akasema inaelekea ni kisukari, ila lazima turudie kipimo. Mume wangu alikuwepo, akasikia kisukari tu. Kufika nyumbani mama mkwe akaanza, "Nilijua! Mgonjwa huyu, ndiyo maana hazai!" Wakaita wazee wa ukoo wakae Jumapili, nirudishwe kwetu.

Nikaenda kurudia peke yangu, tumbo tupu kweli. Sukari ikawa ya kawaida! Nikamtajia daktari ile asali, akasema ndiyo iliyoipandisha mara ya kwanza. Ila mafuta mabaya yako juu, yale mazuri yako chini, na daktari akasema usugu mara nyingi huanza kujionyesha hapo, sukari ikiwa bado haijapanda. Siyo kisukari. Nikipunguza ugali na vitu vitamu, nikatembea sana, mwili unaweza kutulia na hata mimba ikashika. Nililia kwa furaha mbele yake.

Nilipomweleza mume wangu alinikatiza. "Kwa hiyo mama yangu ndiye amekuharibia kipimo? Kwa asali yangu?" Tangu hapo hanisemeshi. Jamani nina hasira, na nina hofu, kwa sababu bado nampenda. Nikieleza mbele ya wazee, nimemshtaki mama mkwe, na hapa sitaishi tena kwa amani. Nikinyamaza, narudishwa kwetu na jina la mgonjwa.

Jumapili ni keshokutwa. Hapa ninapoandika namsikia mume wangu uani akimwambia mama yake, "Wewe amua tu, mama." Ndugu zangu, nisimame niseme, au nianze kufunga nguo zangu?