Mbabula Niliyoisifu Mahakamani

Sitamsingizia mtu: majivuno yangu ndiyo yaliyoniponza. Miaka ile ya tisini, kiwanda chetu cha shaba kilipokuwa kinakufa, mahakama ya hapa Likasi iliniita niwe shahidi mtaalamu, kwa kuwa nilichomelea vyuma kiwandani miaka mingi. Nikaazima koti la shemeji na kuwaalika majirani wote waje kunisikiliza.

Mshtakiwa alikuwa Mama Odette, muuza maandazi. Walidai mbabula yake, lile jiko la makaa, imetengenezwa kwa bati lililoibwa kiwandani.

Niliigonga kwa kidole, nikatega sikio kama daktari. "Hii bati ni ya usine, ya kiwanda yetu, Papa juge. Hakuna shaka."

Mama Odette akanikodolea macho. Ningeketi hapo hapo, ningepona. Lakini niliigeuza ile mbabula, nikaona ilivyochomelewa, na furaha ya ufundi ikanipanda kichwani.

"Ila mutazame hii kazi! Laini kama shavu ya mutoto! Likasi nzima, muntu wa kuchomelea hivi ni mumoja tu!"

Jaji akashika kalamu. "Jina lake?"

Koti la shemeji likaanza kunibana. Nilikuwa nimetengeneza mbabula nyingi mno, lakini sasa hii niliikumbuka.

"Papa Expert, njo weye!" Mama Odette akasema, akininyooshea kidole na kucheka mpaka machozi. "Si ulinipatiaka ile siku ya ndoa yangu? Uwaambie basi jina!"

Majirani niliowaalika mwenyewe wakasimama kunipigia makofi.