Nilipoingoja Prosesa Kama Msindano

Siku moja ya Juni naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu analijua hilo na ameshanisamehe. Baridi ya Makambako ilikuwa imetuvalisha makoti ndani ya nyumba. Kwaya ya usharika wetu, watu thelathini na kitu, walikuja kwenye chumba changu cha kurekodia nyimbo, nusu wakaingia na nusu wakabaki barazani kwa kukosa nafasi. Nilikuwa kijana, mwanangu, na nilikuwa na studio. Ukutani nilibandika trei za mayai ili sauti isirudi, mlangoni nilitundika blanketi, na mezani ilikaa kompyuta moja kuukuu niliyokuwa naipangusa vumbi kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Walikuja na shida ya haraka. Mwimbishaji wao, Tulizo, alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule kule Lupingu, mwambao wa Ziwa Nyasa. Januari angekuwa ameondoka. Sauti ya binti yule ilikuwa kitu cha kumshukuru Mungu. Akianza yeye, hata watoto wanaolia migongoni kwa mama zao walinyamaza wasikilize. Kwaya ilitaka nyimbo kumi zirekodiwe kabla hajaenda.

Nikawaambia ukweli. Kompyuta yangu ilibeba sauti sita bila taabu, lakini ukiiongezea ya saba ilianza kukwama, na ya nane ikaganda kabisa. Ilihitaji prosesa mpya, yaani ule ubongo wake unaofanya hesabu zote. Pesa ninayo, nikasema, nipeni mwezi mmoja tu. Mzee Yeremia, mwenyekiti wa kwaya na mkulima wa viazi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, wakaondoka wakiimba.

Pesa ilikuwepo kweli. Sikukwamishwa na ufukara, nilikwamishwa na ujanja wangu mwenyewe.

Wakati huo makampuni mawili makubwa ya prosesa huko ng'ambo yalikuwa yamekabana koo. Hili likitoa prosesa ya kasi leo, lile linapunguza bei ya kwake kesho. Na lile likitoa mpya, hili nalo linapunguza. Habari hizi nilizipata kwa Kastori, mwenye duka la kompyuta mtaa wa Ramadhani, kule Njombe mjini. Nilipopanda kwenda kwake Julai, akanionyesha prosesa niliyoitaka, kisha akaninong'oneza kwamba mwezi ujao itashuka. Kastori alikuwa mwuzaji mkweli kupita kiasi, na sidhani kama biashara ilimpenda.

Nikarudi Makambako mikono mitupu na moyo umejaa. Wazee wanasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na mimi nilijiona ndiye kunguru mwenyewe. Agosti nikaenda tena, imeshuka kweli. Nilifurahi kana kwamba nimeinunua. Nikamuuliza Kastori kama itashuka zaidi, akasema wanavyopigana hawa, itashuka tu. Septemba imeshuka. Oktoba wakatoa mpya kabisa, ile yangu ikashuka mara mbili, lakini sasa nikaitamani hiyo mpya. Na hiyo mpya, miguu yake haikukaa kwenye mazabodi yangu, ule ubao wa ndani wa kompyuta. Kwa hiyo ningebadilisha na ubao. Nikasema basi, tungoje na bei ya ubao nayo ishuke.

Usinicheke bado, mwanangu, nikueleze nilikotoa akili hiyo. Baba yangu alikuwa mpanda miti, kama nusu ya watu wa huku kwetu. Alikuwa akinipeleka kwenye shamba lake la misindano, ile miti ya mbao yenye majani kama sindano, na kuniambia kwamba mwenye haraka huuza nguzo, mwenye subira huuza mbao. Mti ukiuacha, unazidi kunenepa bila wewe kufanya lolote, usingizi wako wenyewe unakuongezea mali. Nimekulia kwenye somo hilo. Kwangu mimi kungoja ilikuwa ndiyo kazi, na asiyeweza kungoja nilimwona mtoto.

Kwaya waliniuliza mara kwa mara, nami niliwajibu kwa maneno mazuri. Subira yavuta heri, niliwaambia, na mambo mema hayataki haraka. Ninaona aibu nikikumbuka jinsi nilivyozipanga methali za watu wazima mbele ya watu wazima wenyewe.

Mwishoni mwa Novemba mvua zilianza. Mzee Yeremia akaniita nyumbani kwake. Nilimkuta uani, nikamwamkia, akaniitikia kamwene yake ya siku zote, taratibu, bila dalili ya hasira. Akanipeleka ghalani. Mbegu zake za viazi zilikuwa zimetandazwa sakafuni, zimechipua machipukizi manene ya zambarau. Nje majirani walikuwa wameshafika kwa mgowe, ile kazi ya kusaidiana shambani, na majembe yao yameegemezwa ukutani.

"Obadia," akasema, "nasikia mbolea itashuka bei mwezi ujao. Hizi nizipande leo au nisubiri?"

Nikamwambia azipande leo.

"Kwa nini? Si nitaokoa pesa?"

Nikasema mvua haitamsubiri, na mbegu zitanyauka.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Baba yako alikufundisha kungoja mti, na alifundisha vizuri, kwa sababu mti ukiungoja unakua. Hiyo prosesa yako ukiingoja haikui hata kidole, inazeeka. Anayekua ni Tulizo, na anaondoka. Mkulima ananunua kwa kuangalia mvua, mwanangu, hanunui kwa kuangalia duka."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Angenigombeza ningepata pa kujitetea. Nilitoka pale masikio yanawaka, na kesho yake asubuhi nikawa Njombe. Kastori akaanza kunieleza kwamba nikivumilia wiki mbili tu... Nikamwomba kwa heshima zote anyamaze, anifungie ile prosesa ya kwanza, ya Julai, inayokaa kwenye ubao wangu bila kubadilisha kitu.

Wiki mbili baadaye bei ikashuka tena, kama alivyosema. Alinipigia simu mwenyewe kunijulisha, mtu mwema yule. Nilipiga hesabu ya hasara, sikufichi. Lakini nilikuwa nimevaa hedifoni, na ndani yake sauti kumi na mbili za kwaya zilikuwa zinaimba pamoja bila kukwama, na mbele yao Tulizo. Nikamshukuru Kastori, nikamwambia niko kazini.

Sasa, Desemba huku kwetu ni mwezi wa kupanda na ni mwezi wa Krismasi. Wanakwaya walikuwa shambani asubuhi, kanisani jioni, na mimi niliwapata kwa vipande vipande vya alasiri, wengine wakija na tope miguuni. Tulirekodi nyimbo tisa. Wa kumi ulikuwa wimbo aliotunga Tulizo mwenyewe wa kuwaaga, na tuliuacha wa mwisho kwa kuwa kila aliyeuimba alilia. Siku yenyewe ya safari, gari la Ludewa, la kumpeleka upande wa Lupingu, likiwa linapakia stendi, tukarekodi ubeti wa kwanza. Umeme ukakatika. Tukakaa tukingoja, tunaangalia taa kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Kaka yake Tulizo akaja kusema dereva hangoji tena. Tulizo akatuaga mmoja mmoja, akaenda.

Ningekuwa nimenunua Julai, umeme ungekatika, tungecheka, na kesho yake tungerudia.

Kanda ilitoka na nyimbo tisa, ikapendwa mpaka Makete, na studio yangu ikapata jina. Watu walinisifu na nilizipokea sifa zote, sikuacha hata moja. Lakini ubeti ule wa peke yake niliuhifadhi. Miaka mingi baadaye Tulizo alikuja Makambako kwenye harusi, mama wa watoto wanne, mwalimu mkuu mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Nikamwomba amalizie wimbo wake. Akaimba ubeti wa pili, akaimba vizuri sana, nikaunganisha, tukasikiliza pamoja. Ilikuwa kama watu wawili tofauti. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Kaka Obadia," akasema, "huyo msichana mwache aimbe peke yake. Mimi simfikii tena."

Mwanangu, makampuni yale mawili hayajaacha kupigana hadi leo, na nakuona na simu yako ukifuatilia bei kila asubuhi. Fuatilia, si dhambi. Wapiganapo mafahali nyasi huumia, lakini kwenye soko hili nyasi zinanenepa, wala usiwaonee huruma. Ila jiulize kwanza kuhusu kazi yako. Kama kompyuta uliyo nayo inaibeba kazi, waache wapigane, wewe fanya kazi. Usiwe kama Kastori wetu, aliyekuwa na mashine yenye kasi kuliko zote pale Ramadhani na akaitumia kuchezea karata. Kama kazi imekwama na pesa ipo, usisubiri bei ifike chini kabisa, maana chini hakuna mwisho. Chukua inayotosha kazi yako na inayokaa kwenye ubao ulio nao. Mara nyingi ni ile iliyotangulia ile mpya, kwa kuwa bei yake imeshapigwa vya kutosha. Ukishalipa, acha kuuliza bei. Na ukitaka kujua saa ya kununua, usitazame dirisha la duka. Tazama ni mtu gani anakungoja, na ataondoka lini.

Mungu akupe kazi inayopendwa na watu, akupe na chombo cha kuifanyia watu hao wangali wapo. Akujalie subira ya kungojea yanayokua na wepesi kwa yasiyokua, na siku zote akuache na akili ya kuyatofautisha. Amina, mwanangu. Kazi yako imekwama na pesa unayo, sasa nyanyuka uende Njombe, duka linafungwa saa kumi na moja.