Jinzi Iliyokwenda Goweko Kuchakaa

Binamu yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyeniletea balaa, tena kwa nia njema kabisa. Mwaka ule maduka ya Tabora yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa, naye akanitumia suruali mpya ya jinzi, buluu iliyokolea, ngumu kiasi kwamba ilisimama yenyewe pembeni mwa kitanda. Mfukoni alitia barua. Nisithubutu kuivaa ilivyo, aliandika. Huko kwao jinzi haivaliwi mpaka ipauke magotini na mapajani. Inayong'aa upya ni ya mshamba aliyeshuka treni jana.

Nilikuwa karani wa mizigo stesheni, umri miaka ishirini na miwili, na hakuna neno lililoniuma kama mshamba. Baba alikuwa fundi cherehani, mwana wa fundi, mjukuu wa fundi aliyewashonea wapagazi wa misafara mifuko yao. Miezi ile hakukuwa na kitambaa cha kushona. Hata hivyo kila asubuhi aliipangusa cherehani, akaitia mafuta, akakaa barazani na tepu yake shingoni. Kilichombakia ni jina tu. Mji mzima ulijua kwamba nyumbani kwa fundi yule hatoki mtu na uzi unaoning'inia.

Nikaanza kuichakaza jinzi yangu uani, kwa siri. Kwanza niliiloweka kwenye magadi na ndimu siku mbili. Ikatoka na rangi yake yote, inanukia maharage. Nikachukua tofali nikasugua magoti jioni nzima. Tofali likaisha, jinzi ikabaki.

Rafiki yangu mmoja, gadi wa treni ya mizigo, akasema dawa yake ni jua na upepo. Akaifunga kwenye vyuma vya nyuma vya behewa lake, akaenda nayo Goweko na kurudi, wiki mbili mfululizo. Suruali yangu ilipita stesheni ya Igalula, iliyo njiani, mara nyingi kuliko nilivyopita mimi maishani. Siku moja simu ikapigwa kutoka huko: nyuma ya treni ananing'inia mtu, miguu inaonekana, kiwiliwili hakionekani. Simu niliipokea mimi. Nikajibu kwamba mtu huyo anajulikana, waiache treni ipite.

Iliporudi safari ya mwisho ilikuwa imepauka vizuri mno, na goti la kulia lina tundu la kupitisha ngumi. Gadi alikula yamini kwamba hajui limetoka wapi. Nikaivaa nikapita nayo sokoni polepole. Kila mtu aligeuka. Mhindi mwenye duka la vitambaa lisilo na vitambaa alitoka hadi mlangoni akanipa pole. Nikamwonea huruma kwa wivu wake.

Jumapili balozi wetu wa nyumba kumi akaitisha mkutano uani kwake. Duka la ushirika limepata kaniki, na nyumba zetu kumi zimetengewa kipande kimoja. Tuamue apewe nani mwenye shida kuliko wote. Nilikwenda na jinzi yangu kwa sababu watu wangekuwa wengi. Baba aliketi mbele.

Balozi hajamaliza kusema, mjane mmoja jirani yetu, muuza vitumbua, akanyoosha mkono.

"Ndugu balozi, tusizungushane. Mtoto wa fundi anatembea goti nje. Apewe yeye."

Wakageuka wote kulitazama goti. Kisha mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaitazama shingo ya baba. Haikugeuka. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimevaa, nikaona aibu. Nikasimama.

"Jamani, suruali hii ni mpya."

Wakaguna kwa huruma.

"Nimeichakaza mwenyewe, kwa tofali. Na kwa treni."

"Treni ipi, mwanangu?" balozi akaniuliza kwa upole.

"Ya Goweko."

Balozi akavua kofia. Mjane akajifuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Mwanawane! Shida imempanda kichwani," akasema. "Apewe kaniki, halafu apelekwe hospitali."

Baba akainuka. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwona akipokea kitu cha watu bila kukifanyia kazi. Balozi alipomletea kile kitambaa, alikipokea kwa mikono miwili.

"Ahsanteni, ndugu zangu," akasema. "Tulikuwa na haja nacho kweli."

Nyumbani nikamuuliza kwa nini hakuwaambia ukweli. Alikuwa tayari amekitandaza kitambaa mezani.

"Ukweli umewaambia wewe, wakakuona mwendawazimu. Ilibidi mmoja wetu aonekane amepungukiwa, wewe akili au mimi riziki. Nimechagua riziki. Simama nikupime."

"Baba, tumpe yule mama wa vitumbua."

"Kampe," akasema bila kuinua macho.

Nilimkuta mjane jikoni kwake. Kaniki aliyojifunga ilikuwa imepauka magotini na makalioni, rangi ileile niliyoitafuta wiki mbili, na hakuna tofali lililowahi kuigusa. Nikamnyooshea kitambaa. Akaurudisha mkono wangu.

"Nichukue kwa asiyenacho? Mungu ataniuliza. Nenda, baba, ukapumzike."

Basi baba akashona. Kaniki ni nguo ya wanawake, nyepesi, kila mtu anajua, lakini aliitia bitana ya gunia la unga, akapiga mishono miwiliwili, akapiga pasi mpaka ikakata upepo. Sijawahi kuvaa suruali iliyonikaa vizuri kama ile. Mvua ikininyeshea, miguu iligeuka buluu hadi vidoleni. Nilikwenda nayo kazini mwaka mzima, na jinzi nikaifungia sandukuni.

Tangu mkutano ule watu walianza kumwamkia baba kwa sauti ya chini, wakitazama ardhi, kama mtu aliyefiwa. Hata watu wazima aliowashonea suti za harusi zao walipunguza mwendo barazani petu. "Shikamoo, fundi." Baba aliziitikia zote marahaba, na hakumwambia hata mmoja kwamba mwanawe alikuwa na jinzi mpya sandukuni.