Uzi wa Kupimia Kitanda cha Mama

Nilipomaliza kujenga chumba cha mama hapa kwangu Ipagala, nilimpigia simu kijijini kwake Bahi kumpa habari kwamba anahamia mjini. Akasema bila kile kitanda cha mninga alichomchongea marehemu baba, hatoki. Sawa. Chumba chenyewe kidogo, kwa hiyo nikamwomba apime urefu wa kitanda kwa uzi, ampe kondakta wa basi aniletee.

Uzi ukaja. Nikaunyoosha ukutani, khaa! Umepita ukuta. Kuuangalia vizuri, kumbe ni uzi wa kufumia sweta! Nikacheka peke yangu. Uzi ule ukiuvuta unakuja tu, na mkono wa mama umezoea jembe, hauvuti kidogo.

"Shikamoo mama. Jamani, uzi wa sweta tena? Tafuta usiovutika."

"Marahaba mwanangu. Nitatafuta."

Akaleta mshipi wa kuvulia samaki. Nao ukapita ukuta. Hapo sasa nikanogewa. Mimi kitu kikishaniingia kichwani, hakitoki hivihivi. Nikapigilia misumari miwili uani, kila uzi ninaoupata naufunga, nauvuta, naulowesha, nauanika. Kumbe hata mshipi unavutika, na ukiuachia unajikunja kama umesusa. Katani ikilowa inabadilika. Uzi wa cherehani ndiyo kabisa, unakatika ukiukazia macho.

Mume wangu akapita na ndoo ya maji. "Mama watoto, siku hizi unasuka nyavu?"

"Hebu nipishe huko!"

Ulioshinda ni uzi wa kushonea magunia. Mnene kiasi, hauvutiki, na fundo linakaa palepale ulipolifunga. Nilifurahi utadhani nimeuvumbua mimi.

Jumamosi nikaupeleka Bahi mwenyewe, nimeufunga fundo penye urefu wa ukuta wangu. Nikautandaza juu ya kitanda, mama amesimama mlangoni ananitazama. Kitanda kikaishia mbali kabla ya fundo. Kinaingia, na stuli inapata nafasi.

"Mama, wewe ulipimaje?"

Akaja akakaa kitandani. "Nilipima vizuri tu. Nikifika mwisho, naongeza mkono mzima."

"Kwa nini lakini?"

"Kila ukinipigia, habari ni za nyuzi. Kama nataka kuja, hukuniuliza hata siku moja. Sitaki, mwanangu. Nimezoea hapa."

Iliniuma, nisidanganye. Chumba kile nilishakipaka rangi anayoipenda. Nikakaa pembeni yake, na yeye hakunibembeleza.

Wakati wa kuondoka akaniomba ule uzi. Akautunga kwenye sindano ya gunia, akashona mdomo wa kiroba cha mchele alionifungia, akauvuta kwa nguvu kuukaza. Haukurefuka hata chembe.

"Huu kweli mzuri," akasema. "Uliobaki niachie."

Nikamwachia.