Mgongo wa Bibi Harusi

Miezi michache iliyopita, pale Kilifi, binti wa mazoezi ya viungo alinilaza kifudifudi kwenye kitanda chembamba, akanipapasa uti wa mgongo kwa vidole viwili, kisha akarudia tena toka shingoni. "Mwalimu," akasema, "nyama ya upande huu imejaa, ya upande huu imelala. Kwani wewe hukaa upande?" Nilitaka kumjibu kwa heshima ya mtu mwenye shahada mbili na miwani. Badala yake kicheko kikanitoka puani, kicheko kikaniuma mgongo, na machozi yakafuata. Binti wa watu akadhani amenivunja. Ningemwelezaje kwamba maneno yale niliyasikia nikiwa mtoto, Mambrui, na kwamba aliyekuwa akisemwa ni farasi?

Alikuwa farasi jike, mweupe, na vijana wa ufukweni Malindi walimwita Bibi Harusi. Kazi yake ilikuwa kubeba watalii. Aliwabeba hata mgongo ukazama. Mfupa ulisimama juu kama boriti ya paa lililoezuliwa makuti, na pande zote mbili palikuwa na mashimo ambayo ngumi yangu iliingia bila taabu. Mwenye farasi alimleta kwetu hoteli zilipofungwa kwa ajili ya mvua, akamwachia babu, kwa kuwa mtaani petu babu ndiye pekee aliyewahi kuchunga mnyama mkubwa.

"Mzee," alisema, mguu mmoja bado uko garini, "mzungushe kwa kamba ndefu kila siku. Kichwa kiwe chini, mgongo unyanyuke. Hivyo ndivyo nyama inavyorudi. Nikija mvua zikiisha nimkute bado hivi, namwita mwenye bunduki. Siwezi kulisha farasi wa kutazamwa."

Nilikuwa nyuma ya babu, nimeshika shati lake. Nikamtazama Bibi Harusi, naye alikuwa akitafuna ua wetu.

Nyumba ile ilikuwa na harufu zake. Asubuhi ilinuka mkate wa mofa na moshi wa vifuu, mchana mbaazi za nazi, na tangu aje farasi, saa zote ilinuka farasi. Bibi hakumpenda. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na bibi humwita mjukuu huyohuyo mke mwenza, basi nilizoea kutukanwa kwa mapenzi toka nikiamka. Sasa bibi akapata wa kuongeza. "Nilijua nina mke mwenza mmoja, huyu asiyejua kuosha sufuria," aliwaambia majirani. "Kumbe wa pili yuaja na kwato!"

Tulianza kwa kumlisha. Tulimpa machicha ya nazi, pumba, mashudu ya ufuta uliokwisha kukamuliwa mafuta, na maganda ya kila tunda lililoingia nyumbani. Tumbo likatuna kama la mjamzito, mgongo ukabaki vilevile. "Umemfanya ngoma," bibi akamwambia babu. "Hebu mzungushe kama ulivyoambiwa."

Kuzungusha, babu alikujua. Ujana wake wote aliupitisha kwenye kinu cha kushindikia mafuta ya ufuta, akimfuata ngamia aliyefungwa macho, duara baada ya duara, kinu kikilia kwa uvivu. Alichora duara kwenye mchanga wa kiwanja nyuma ya nyumba, akasimama katikati na kamba. Mimi nilitangulia mbele ya farasi na konzi ya mashudu, nimeinama nayo chini ya magoti ili kichwa chake kishuke. Na ni kweli, kichwa kikishuka mgongo ulipanda, ukatetemeka kama kitambaa kinachovutwa. Nilipenda kuutazama. Nikitoka chuo cha Kurani mchana nilitupa juzuu yangu juu ya kabati nikakimbilia kiwanjani, na wenzangu wakaniuliza kama nimeposwa na punda mkubwa.

Mvua zikaja, zikatulia, zikaja tena. Tukazunguka. Mashimo yakaanza kujaa. Niliacha kuota bunduki.

Kisha siku moja jua likatoka, na bibi akakosa pa kuanika leso yake ya kujifunga iliyolowa. Akaikunja katikati, pindo kwa pindo kama afanyavyo mwanamke anayejiheshimu, akamtandika nayo farasi. Akarudi nyuma. Akainamisha kichwa. Akaiondoa, akaikunja upya, akaitandika tena.

"Mzee wangu," akaita, na sauti yake haikuwa na utani. "Njoo uone. Leso yangu yalala upande. Huyu farasi amekaa upande."

Babu akaja, akapitisha mkono. Upande mmoja nyama ilikuwa imara, ya kupendeza. Upande wa pili shimo bado lilikuwapo, limejificha chini ya manyoya. Nikamwona babu anafunga macho. Kinu cha mafuta huzunguka upande mmoja tu, na ngamia wake hakuwahi kugeuzwa hata mara moja. Ndivyo babu alivyomzungusha Bibi Harusi, upande wa kinu, wiki hadi wiki. Mwenye farasi hakusema amgeuze. Kwake lilikuwa jambo la kujulikana.

"Ataweka tandiko, litateleza," babu akasema. Usiku ule nikaota tena bunduki.

Mvua zilikuwa zimebaki chache. Tukamgeuza farasi, naye akagoma. Alilaza masikio, akakita miguu yake kwenye tope akasimama, maana huo kwake haukuwa upande wa kwendea. Babu naye hakuuweza. Akigeukia huko, kizunguzungu kilimshika akapepesuka katikati ya duara lake mwenyewe. Nililia nikivuta. Niliapa kumwachia Mungu mahamri yangu yote ya Idi. Bibi alitutazama toka mlangoni hata akachoka, akajifunga leso kiunoni, akaja na mchi wake wa kutwangia na mwingine wa kuazima kwa jirani, akailaza kwenye duara ili farasi ainue miguu na mgongo.

"Haya, mke mwenza, ruka. Ukinivunjia mchi wangu, utanitwangia wewe."

Akaruka. Hajawahi mtu kumkatalia bibi. Toka hapo tukazunguka watatu kwa zamu, alfajiri na alasiri, hata mvua ikinyesha, bibi akimsema, babu akipumua kwa nguvu, mimi nimeinama na mashudu yangu nikinuka kama chupa ya mafuta. Kila jioni leso ilitandikwa, na kila jioni pindo zilikaribia zaidi kulingana, lakini anga nayo ilizidi kuwa nyeupe.

Mwenye farasi alikuja kiwanja kikiwa kimekauka. Alipitisha mkono. Alipanda juu ya ndoo akautazama mgongo kutoka nyuma. Aliweka tandiko, akapanda, wakatokomea kuelekea baharini. Bibi aliniambia niende nikachambue mchele, nami nikachambua, sijui niliona mchele au mawe. Waliporudi yule bwana alikuwa akicheka.

"Mzee, umeniundia farasi mpya! Kuna mtu wa bara ananisumbua siku nyingi nimuuzie. Nilikuwa sina wa kumpa. Sasa ninaye."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilifanya jambo ambalo hata leo sijui niliite nini. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamwomba Mungu auzamishe ule mgongo tena. Halafu nikakumbuka bunduki, nikamwomba asinisikie.

Lori lilipokuja, babu alimwomba dereva asubiri. Akamzungusha Bibi Harusi upande huu, akamgeuza, akamzungusha upande wa pili. Dereva akapiga honi. "Angalau yu hai," babu akasema, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayebishana. Bibi aliichukua michi akaiegemeza ukutani. Siku ile hakutwanga kitu.

Babu na bibi wamekwenda. Kinu kilishasahaulika, na kiwanja kimejengwa ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu, ndani kuna bwawa la kuogelea. Mtoto wa leso na mashudu sasa anafundisha chuo kikuu, amekaa upande kwenye kiti kwa miaka, kwa kuwa meza ya ofisini iko upande mmoja tu.

Basi kila alfajiri nasukuma viti sebuleni, nainamisha kichwa, nazunguka. Kisha nageuka, nazunguka tena, na kizunguzungu changu. Wiki hii binti alinipapasa kwa vidole vyake viwili akafurahi. "Mwalimu, mgongo unarudi vizuri sana!"

Nilimshukuru. Nilipotoka nje nilisimama kwanza, nikatazama barabarani kama kuna lori.