Jaribio la Ghala na Kichuguu

Ofisini walimwita Mizani, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipokuwa bado mgeni, watu waligombania meza ya karibu na dirisha hadi wakanuniana. Yeye akachora ratiba, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na akajiweka wa mwisho. Ugomvi ukaisha. Tangu hapo, kukitokea mzozo wowote, utasikia, "Muulizeni Mizani." Naye jina lilimkaa, akalipenda kuliko alivyopenda cheo.

Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali: nani kalazwa, nani kapewa dawa gani. Kumbukumbu hizo zilikaa kwenye kanzidata iitwayo Ghala. Ghala ni programu huria, haiuzwi. Hutengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko, na Mizani alikuwa mmoja wao kwa miaka minane. Kila asubuhi, kikombe cha chai mkononi, alijibu maswali ya wageni kwenye jukwaa la Ghala mtandaoni. Uliza ujinga, uliza la maana, atakujibu tu.

Basi akaja shemeji yake, mke wa mdogo wake, akaajiriwa kitengo kile kile. Huyo mapenzi yake yalikuwa kwa Kichuguu, kanzidata nyingine, huria vilevile, mpinzani mkubwa wa Ghala. Jamani, wengine hugombania mpira, hawa waligombania kanzidata, tena mezani nyumbani, mbele ya mama yake Mizani aliyekuwa akiuliza, "Hivi vitu vyenyewe vinaliwa?" Utani mtupu, watu wanacheka. Lakini Mizani moyoni alikuwa anaumia. Huyu aliyekuja juzi tu ndiye wa kumwambia Ghala imezeeka?

Shemeji akapendekeza hospitali ihamie Kichuguu. Mkuu wa kitengo, mama asiyependa maneno mengi, akakata shauri: "Zipimwe zote mbili. Apime Mizani, yeye hana upande."

Hana upande! Na miaka minane ile? Mizani akaitikia kwa kichwa, mtu na adabu zake. Shemeji naye akaongeza, "Akipima yeye, mimi nimeridhika."

Sasa sikia alivyopima. Ghala aliihangaikia siku tatu. Akaipa nafasi ya kutosha, akaikaza hapa, akailegeza pale. Kisha akazima ule mpangilio unaoilazimisha kungoja diski ithibitishe kwamba maandishi yameshikwa kweli, ndipo iseme "tayari." Yaani Ghala ikawa inasema "tayari" kazi haijaisha. Kichuguu aliiacha kama ilivyokuja, inangoja diski kwa kila andiko, moja moja. Mstari wa mpangilio huo aliuona. Aliuona vizuri, akaukodolea macho. Akajiambia, "Nitarudi kusawazisha." Hakurudi. Na asije mtu akaniambia alisahau.

Katikati ya siku hizo tatu, mgeni mmoja jukwaani aliuliza Ghala ipangwe vipi ikimbie kwa uwezo wake wote, maana alitaka kuilinganisha na kanzidata nyingine bila kuionea. Mizani akamwandikia kurasa mbili, akamsifu, akarudi kwenye jaribio lake roho nyeupe.

Matokeo: Ghala ina kasi mara nne. Mkutanoni akaonyesha mchoro, nguzo moja ndefu na nyingine kama kisiki, na mzaha akautia: "Shemeji, kichuguu chako kimekanyagwa na ng'ombe nini?" Watu mbavu hawana. Shemeji akacheka pia, huku anaikunja karatasi yake ya maswali hadi ikawa ndogo kama njugu. Akauliza swali moja tu: "Shemeji, mipangilio uliyotumia utatuonyesha?" Ndiyo desturi ya watu wa programu huria, ukitoa matokeo unatoa na mipangilio, mwingine arudie ajionee.

"Nitakutumia," akasema Mizani.

Wiki iliyofuata mkuu akamhamishia shemeji kwenye dirisha la usajili, awe anaandikisha wagonjwa wanaoingia. "Alitaka kuhamisha hospitali nzima kwa kitu goigoi," alisema mkuu. "Akakomae kwanza."

Hapo ndipo aibu ilipomwingia Mizani, na ilipoingia haikutoka. Kila asubuhi ilimbidi apite pale dirishani. "Umeamkaje, shemeji?" "Salama, shemeji." Basi. Mipangilio shemeji hakuiulizia tena, na afadhali angeiulizia! Mizani akaanza kuingia kwa mlango wa jikoni, anapishana na masufuria ya uji wa wagonjwa. Mtu mzima na ndevu zake, anajificha. Mtu akimwita "Mizani," anahisi masikio yanawaka.

Jumapili moja mdogo wake akamvuta pembeni. "Kaka, mke wangu siku hizi habari za kazi hataki hata kuzisikia. Zungumza naye. Wewe anakuheshimu."

Loo! Anakuheshimu!

Jumatatu mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula, akafunga mlango akarudia jaribio. Safari hii zote mbili zikangoja diski, zote mbili akazihangaikia sawa. Kusoma, Ghala ikatangulia kidogo. Kuandika, Kichuguu ikaiacha Ghala mbali. Na hospitali, kutwa kucha, ni kuandika.

Kesho yake mkutanoni akasimama. "Lile jaribio halikuwa la haki," akasema. "Nilijua, na nikanyamaza." Akaeleza yote, na mstari ule akauonyesha. Hakucheka mtu. Mkuu akasema, "Kwa hiyo ulituongopea."

"Niliongopa, mama."

"Nenda kamwambie arudi. Nenda wewe mwenyewe."

Safari hii alipita mlango wa mbele. Dirishani foleni ilikuwa ndefu, akapanga foleni kama mgonjwa. Ilipofika zamu yake, akasema yote, haraka haraka, macho chini. Akaweka karatasi ya mipangilio juu ya ubao. "Nisamehe, shemeji. Nilikuonea."

Shemeji hakuigusa karatasi. "Nilijua," akasema. "Nilizipima mwenyewe nyumbani, wiki ile ile uliyopima wewe. Nilitaka kujua mapema kama nitaaibika."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, na nani aniamini, aliyepima ni Mizani?" Akachukua simu yake, akatafuta kitu, akamgeuzia. "Nilipopima, sikutaka kuionea Ghala yako. Nikaenda kuwauliza wenyewe, jukwaani. Soma."

Mizani akasoma. Yalikuwa maneno yake, na jina lake chini: *Hakikisha zote mbili zinangoja diski, la sivyo unajidanganya na unamwonea mwenzako. Ndugu, wewe ni muungwana. Laiti ofisini kwetu tungekuwa na mtu kama wewe.*

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma yake mgonjwa mmoja akakohoa, foleni inangoja.

"Nilikuwapo, shemeji," akasema yule mwanamke, taratibu, anachukua simu yake. "Meza ya tatu kutoka yako."